Kusafiri kati ya Bukavu na Goma ukiwa mjamzito: mwongozo wa hatua kwa hatua

Mama mjamzito wa Bukavu au Goma, miji ya Kongo iliyo kando ya Ziwa Kivu, hasafiri kwa matembezi tu. Huenda kuzika, huenda harusini, huenda kufuata bidhaa, au huenda kukaa kwa mama yake mzazi hadi ajifungue mtoto wa kwanza, na shughuli hizo hazingoji tumbo liwe jepesi. Mimi mwenyewe nimevuka kati ya miji hii miwili nikiwa na mimba tatu tofauti, kwa ziwa na kwa barabara, na nimetambua kwamba sehemu kubwa ya mateso niliyoyapata haikuletwa na mawimbi wala mashimo ya njiani, bali na kuona haya: nilimwonea haya dereva nisimwombe asimame, niliwaonea haya abiria wenzangu nisiombe kiti kingine, na safari moja nilimwonea haya shemeji yangu aliyekwisha kununua tiketi, nikakubali tarehe ambayo mwili wangu ulikuwa umekwisha kuikataa. Kwa hiyo katika hatua zinazofuata nitaeleza la kufanya, na pia la kuomba na mtu wa kumwomba.

Hatua ya 1: Chagua wiki kabla ya kuchagua siku

Wiki za mimba huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na mimba iliyotimia huchukua takribani wiki 40. Kipindi kizuri zaidi cha kusafiri ni kati ya wiki ya 14 na ya 28, kwa sababu kichefuchefu kwa wengi kimepungua, nguvu zimerudi, na tumbo halijawa zito kiasi cha kumfanya mtu ashindwe kukaa kitini kwa saa tatu. Katika miezi mitatu ya mwanzo, mimba nyingi zinazoharibika huharibika kwa kasoro zilizomo ndani ya mimba yenyewe, na si kwa sababu mama alipanda gari. Nalisema hili kwa uzito, kwa kuwa nawajua wanawake waliolaumiwa na wakwe miaka mingi kwa safari ambayo haikuwa na kosa lolote. Hata hivyo, kama hujapimwa ekografi (picha ya mtoto tumboni) hata mara moja, ni vema kuhakikisha kwamba mimba imo ndani ya mji wa mimba kabla ya kwenda mbali na hospitali, maana mimba iliyotunga nje inaweza kupasua mrija na kumwaga damu nyingi tumboni kwa muda mfupi.

Baada ya wiki ya 36, usiende mahali ambapo hungekubali kujifungulia. Mwenye mapacha ajiwekee mpaka wa wiki ya 32. Anayekwenda kujifungulia kwa mama yake naye asingoje siku za mwisho, bali afike kabla ya wiki ya 34, ili apate nafasi ya kuhudhuria CPN (kliniki ya wajawazito) ya huko na kufahamiana na wakunga watakaompokea.

Majira nayo yana neno lake. Mvua za Kivu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, na barabara ya Kalehe hukatwa mara kwa mara na maporomoko ya udongo. Mwanzoni mwa Mei 2023 mafuriko yalizoa vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na mamia ya watu wakapoteza maisha. Kama tarehe ni yako kuichagua, miezi ya Juni hadi Agosti barabara huwa kavu, ingawa vumbi ni jingi na inafaa uwe na kitambaa chepesi cha kujifunika pua.

Mtu wa kuombwa katika hatua hii ni yule anayelipa nauli. Mweleze umri wa mimba kwa wiki, na umwombe asikate tiketi yoyote kabla hujaonana na mkunga. Ni ombi la heshima, na mtu anayekupenda atalielewa.

Hatua ya 2: Pita CPN angalau wiki moja kabla

Usiende CPN asubuhi ya kuondoka. Nenda siku saba au zaidi kabla, ili kama kipimo kitaonyesha tatizo, uwe na muda wa kutibiwa. Omba upimwe shinikizo la damu, protini kwenye mkojo, kiwango cha damu mwilini na malaria, na uhakikishe kwamba kundi lako la damu limeandikwa kwenye fishi, yaani kadi yako ya kliniki. Kama damu yako ni ya rhesus hasi, jambo hilo liandikwe kwa herufi zinazoonekana, kwa sababu ukitokwa na damu njiani utahitaji sindano maalumu ndani ya saa 72. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8, kwa hiyo hakuna atakayekuona msumbufu ukienda mara moja zaidi kwa ajili ya safari.

Kuna mambo ya dawa ambayo ni lazima yamalizwe hapo. Vidonge vya kukinga malaria vya sulfadoksini na pirimethamini, ambavyo wengi bado wanaviita Fansidar, hutolewa kuanzia wiki ya 13, kila dozi ikiachana na nyingine kwa mwezi mmoja au zaidi, isipokuwa kwa mama anayetumia kotrimoksazoli kila siku. Kama dozi yako inaangukia siku za safari, imeze kabla hujaondoka. Jambo hili lina uzito zaidi kwa anayeteremka kwenda Uvira na bonde la Ruzizi, ambako joto ni kali na mbu ni wengi kuliko kwenye vilima vya Bukavu. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki visiachwe nyumbani. Vinamezwa kila siku, navyo havipatani na chai, kwa hiyo viachanishe na kikombe cha asubuhi kwa saa moja au mbili. Kwa maumivu, parasetamoli ndiyo dawa ya kubeba. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo muuzaji wa dawa karibu na kituo cha magari hukupa upesi ukimwambia tu kwamba mgongo unauma, hazimfai mjamzito, hasa baada ya wiki ya 20.

Atakayevuka mpaka ataulizwa kadi ya njano. Chanjo ya homa ya manjano ni ya virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa kawaida mjamzito hapewi isipokuwa hatari ya ugonjwa ikiwa kubwa. Uliyechanjwa zamani usihangaike, kwa sababu tangu Julai 2016 kadi hiyo inahesabiwa kuwa halali maisha yote. Usiyewahi kuchanjwa, mwombe daktari akuandikie cheti kinachoeleza kwa nini hukuchanjwa, na akitie sahihi na muhuri.

Wako wanawake ambao mkunga atawaambia wasisafiri, na inafaa wamsikilize: wanaotokwa na damu, ambao kondo la nyuma limefunika mlango wa uzazi, wenye shinikizo la damu lililopanda, wenye upungufu mkubwa wa damu, wenye ugonjwa wa seli mundu ambao hali yao haijatulia, na waliowahi kujifungua mapema sana au kuambiwa kwamba mlango wao wa uzazi ni dhaifu. Msiba ukiwa umetokea, ni vigumu kumkataza mtu kwenda. Familia imtume mwakilishi, na mjamzito mwenyewe aende kaburini baada ya kujifungua.

Hatua ya 3: Amua njia

Kutoka Bukavu hadi Goma kwa ziwa ni karibu kilomita 100, na kwa barabara ya upande wetu wa Kongo ni karibu 200. Boti za kasi, ambazo wengi huziita kano rapidi, huchukua takribani saa 2 na nusu hadi 3. Meli kubwa huchukua saa 5 au 6, nyingine zaidi, na zipo zinazosafiri usiku.

Kwa maoni yangu, mwenye mimba iliyozidi wiki 28 achague meli kubwa ya mchana, hata kama itamchukua muda mara mbili. Katika meli kubwa unaweza kusimama, kutembea, kwenda chooni, na mara nyingine kulala kwa ubavu. Katika boti ya kasi unakaa kama ulivyokaa mlipoondoka, na kila wimbi linapoigonga chini, uti wa mgongo ndio unaopokea. Ukiwa na mimba changa zaidi na ziwa limetulia, boti ya kasi inafaa, ilimradi usikae mbele. Mbele ndiko inakoruka zaidi. Keti katikati au nyuma kidogo, lakini mbali na moshi wa injini, na utazame ng’ambo kwenye ufuo au milima ya kisiwa cha Idjwi badala ya kutazama simu, kwa sababu macho yanayotazama kitu kilichotulia huzuia kichefuchefu.

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti ya Merdi iliyokuwa imetoka Minova ikiwa imejaza abiria kupita kiasi ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma ikiwa inaonekana kwa macho. Wengi wetu tulimpoteza mtu siku ile, au tunamjua aliyempoteza. Kwa hiyo kabla ya kupanda, simama gatini dakika kumi uangalie. Ukiona watu wameketi juu ya mizigo na njia za kupita zimezibwa, usipande, hata kama tiketi imekwisha kukatwa. Omba jile (jaketi) la kujiokolea mapema, kabla hayajaisha, na uombe la saizi kubwa. Livae, usilikalie. Funga kamba zote, ile ya juu ikaze chini ya matiti na ile ya chini ipite chini ya tumbo ikiwa inafika. Kama jile halifungi kabisa, lirudishe na uombe jingine bila kuona haya, kwa sababu jile lililofunguka hukuponyoka ukiwa majini.

Barabara ya upande wetu hupitia Kavumu, Katana, Kalehe, Nyabibwe, Minova na Sake. Inachosha, na mvua ikinyesha inaweza kukumalizia siku nzima. Wanawake wengi huogopa kwamba mtikisiko wenyewe utaitoa mimba. Mtoto amezungukwa na maji na misuli, na mtikisiko wa kawaida haumdhuru. Hatari ya kweli ni ajali, kuanguka au kugongwa tumboni, ambako kunaweza kubandua kondo la nyuma. Mtikisiko humchosha mama, humuumiza mgongo na nyonga, na hiyo inatosha kuwa sababu ya kuomba dereva apunguze mwendo. Ulizia hali ya usalama na ya njia asubuhi ileile ya kuondoka, kwa ndugu walioko mbele na si kwa mwuza tiketi peke yake, na kama hesabu inaonyesha kwamba mtafika baada ya giza, ahirisha. Kwenye bariere (kizuizi cha barabarani) ambako abiria hushushwa watembee, shuka wa kwanza na uanze kutembea taratibu, ili usilazimike kukimbilia gari. Na mkipumzika maeneo ya Sake, usilale wala kuketi kwenye mabonde ya mawe ya volkano: hewa ya mazuku hutuama chini, haionekani, na huua.

Njia ya tatu ni ya Rwanda, kupitia Rusizi, Karongi na Rubavu. Ni lami tupu, na kwa mgongo ndiyo laini kuliko zote, lakini ina kona nyingi, na mwenye kichefuchefu ataziona ndefu. Hakikisha saa za kufunguliwa mpaka na karatasi zako mapema, na ukiwa kwenye mstari, mwambie ofisa wa kwanza unayemfikia kwamba wewe ni mjamzito na umesimama muda mrefu. Mara nyingi atakupitisha mbele.

Kuhusu ndege, mashirika mengi huwakubali wajawazito hadi wiki ya 36, au ya 32 kwa mapacha, na kuanzia wiki ya 28 mengi hutaka barua ya daktari. Hewa ndani ya ndege hulinganishwa na ile ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, na sisi ambao tumezoea kuishi karibu mita 1,500 juu ya bahari hatuna sababu ya kuihofia mimba ikiwa nzima.

Hatua ya 4: Mfuko mdogo unaokaa miguuni pako

Mzigo mkubwa uende juu ya gari au chini ya meli. Mfuko mdogo usiuache hata ukiombwa. Ndani yake weka fishi ya CPN na barua ya daktari katika mfuko wa plastiki, na kama utapita Rwanda, nakala ya barua hiyo kwa Kiingereza, dawa zako, maji, chakula, sabuni, karatasi ya chooni na pedi chache, sweta, kwa sababu ziwa lina baridi kali alfajiri, na vikwembe (vitenge) viwili. Kikwembe kimoja ni cha kukunja mara nne na kuweka kiunoni nyuma, na cha pili utaona kazi yake katika hatua inayofuata. Aliyefikisha wiki ya 28 aongeze nguo mbili za mtoto, glavu na wembe mpya uliofungwa. Namba za simu za mume, za mkunga na za mwenyeji ziandikwe kwenye karatasi pia, maana simu huzima. Dola ziwe noti ndogo na safi, kwa kuwa noti iliyochanika itakataliwa saa unapoihitaji zaidi.

Hatua ya 5: Kunywa maji, na uombe kusimama

Hii ndiyo hatua ambayo wanawake wengi huiruka, nami niliiruka. Nilikuwa na mimba ya miezi saba, nikitoka Bukavu kwa gari. Tangu alfajiri nilikuwa nimekunywa nusu kikombe cha chai tu, kwa makusudi, ili nisimsumbue mtu yeyote njiani. Tulipoipita Kalehe kichwa kilikuwa kinagonga, midomo imekauka, na tumbo likaanza kukaza kama ngoma, likilegea na kukaza tena. Kando yangu alikuwa ameketi mama mtu mzima mwenye kikapu cha maparachichi. Alinitazama, akaniwekea mkono juu ya tumbo bila kuniomba ruhusa, akauliza: “Binti yangu, umekojoa saa ngapi?” Nilimdanganya kwamba si muda mrefu. Hakunijibu. Aliinua sauti akasema: “Papa, simama kidogo, tuna mama mwenye mimba huku.” Dereva alisimama palepale, bila neno. Wanawake wanne waliteremka pamoja nami, wakafungua vikwembe vyao vya juu, wakashikana ncha kwa ncha, wakawa ukuta wa kitambaa unaonizunguka, migongo yao ikinielekea na nyuso zikitazama barabara. Niliporudi kitini, yule mama alinishikia chupa ninywe kidogo kidogo hadi ikaisha, na tulipoikaribia Nyabibwe tumbo lilikuwa limelegea kabisa.

Mkunga alinieleza baadaye yaliyotokea. Mwili uliokaukiwa maji huufanya mji wa mimba kujikaza, na mkojo unaozuiliwa kwa saa nyingi huwapa vijidudu nafasi ya kuzaana. Kwa mjamzito, maambukizi ya njia ya mkojo hupanda upesi hadi kwenye figo, na yanaweza kuanzisha uchungu kabla ya wakati. Isitoshe, kukaukiwa maji hufanya damu iwe nzito, jambo ambalo nitalirudia kwenye hatua ya miguu.

Fanya hivi. Kunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, kwa mafunda madogo, kuanzia jana yake. Kabla gari halijaondoka, mwendee dereva mwenyewe, si msaidizi wake, umwambie: “Papa, mimi ni mjamzito. Nitakuomba usimame kila baada ya saa mbili, nikojoe na kunyoosha miguu.” Ukilisema mapema, amekwisha kuliweka katika hesabu yake ya safari, ukilisema mkiwa mlimani, unamkatiza. Chuchumaa ukiwa umezungukwa na kikwembe cha pili, kikishikwa na mwanamke mwenzako, na usiende mbali na barabara kutafuta kichaka. Kabla ya kupanda boti ya kasi, nenda chooni gatini hata kama huhisi haja.

Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa nyumbani. Kipindupindu hakijawahi kutuacha kabisa katika vijiji vya kando ya ziwa, kwa hiyo usichote maji ya ziwa wala usinunue yaliyofungwa kwenye mifuko usiyoijua. Ukianza kuharisha, tumia pakiti ya chumvi ya kuongeza maji mwilini, na kama huna, changanya lita moja ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, unywe ukielekea kituo cha afya.

Hatua ya 6: Kiti, mkanda na miguu

Kiti kibaya kuliko vyote ni kile kilicho juu ya tairi la nyuma. Omba kiti cha mbele, au cha katikati kati ya tairi za mbele na za nyuma, upande wa njia ili uweze kunyanyuka. Kama kimekwisha kukaliwa, mwombe aliyekikalia: “Kaka, nisaidie kubadilishana kiti, mgongo wangu hautavumilia nyuma.” Sijakataliwa hata mara moja nilipoomba hivyo, nilikosa kiti zile safari ambazo sikuomba.

Mkanda ufungwe. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga, na ile ya kifuani ipite kati ya matiti na kando ya tumbo. Mkanda unaopita juu ya kitovu ni hatari, lakini kusafiri bila mkanda ni hatari zaidi.

Mimba huifanya damu igande kwa urahisi zaidi kuliko kawaida, na kukaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi huongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mshipa wa mguu. Kwa hiyo kila nusu saa zungusha vifundo vya miguu mara kumi kila upande, kisha inua visigino na vidole kwa zamu, na kila mnaposimama tembea dakika tano. Vaa viatu vipana vya kufunga, si kandambili, kwa kuwa miguu itavimba kidogo na gati lina utelezi. Ukiweza kulala, lala kwa ubavu, hasa wa kushoto, maana kuanzia mwezi wa tano tumbo hulemea mshipa mkubwa wa damu ukilala chali.

Pikipiki naomba iachwe kuanzia miezi ya mwisho, kwa mawe ya Goma na kwa miteremko ya Bukavu vilevile. Mwili wa mjamzito umebadilisha uzani wake, na kuanguka kwa mwendo mdogo kunatosha. Ukianguka au ukigongwa tumboni, nenda hospitali hata kama huumwi, ukae chini ya uangalizi saa kadhaa.

Hatua ya 7: Chakula

Kula kidogo na mara nyingi. Tumbo tupu huleta kichefuchefu kama lilivyo tumbo lililojaa. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, karanga na mayai yaliyoiva hadi ndani vinasafiri vizuri, na kipande cha tangawizi cha kutafuna huwasaidia wengi ziwani. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa mbele yako na kuliwa moto hawana shida. Mashanza (maziwa yaliyoganda) na jibini ya Masisi, ambayo sote tunaipenda, mara nyingi hutoka kwenye maziwa mabichi, na maziwa hayo yanaweza kubeba vijidudu vinavyomfikia mtoto tumboni. Zingoje hadi ujifungue, au uipike jibini hadi ichemke. Mishikaki ya njiani iombee irudishwe motoni hadi isiwe na wekundu. Na udongo unaouzwa sokoni kwa wajawazito, ninajua jinsi hamu yake inavyoshika, lakini huzuia mwili usipokee madini ya chuma.

Hatua ya 8: Jua dalili, na ujue hospitali zilizo njiani

Katiza safari ukiona mojawapo ya haya: damu ukeni, maji yanayotiririka, tumbo linalokaza kwa mpangilio hata baada ya kunywa maji na kupumzika, maumivu makali ya tumbo, homa, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu au uso na mikono kuvimba, degedege, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kupumua kwa shida, au mtoto kutocheza kama ulivyomzoea. Kichwa na ukungu wa macho baada ya wiki ya 20 visichukuliwe kuwa uchovu wa safari, kwa sababu ndivyo kifafa cha mimba kinavyoanza kwa wengi.

Kwenye barabara ya upande wetu ziko hospitali za Katana, ya Ihusi huko Kalehe, ya Minova na ya Kirotshe. Ziandike kwa utaratibu huo nyuma ya karatasi ya namba za simu, na anayekusindikiza awe na nakala. Mjini Bukavu zipo hospitali ya mkoa na ya Panzi, iliyoanzishwa na daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Mjini Goma ipo hospitali ya mkoa na HEAL Africa. Meli ikiwa katikati ya ziwa, mwambie nahodha mara moja badala ya kungoja bandari ya mwisho, kwani anaweza kupiga simu ili upokewe gatini.

Hatua ya 9: Ukifika

Mwenyeji atakuwa amepika na jirani watakuja kukusalimu. Mwombe kwanza maji ya kuoga na saa moja ya kulala, miguu ikiwa juu ya mto, kisha uwapokee wageni. Ukiwa umelala kwa ubavu, msikilize mtoto: safari ndefu huwafanya wengine watulie, lakini akila mama na kupumzika, mtoto aliyezoea kucheza anapaswa kucheza. Asipocheza kwa saa mbili ukimsikiliza hivyo, nenda hospitali usiku huohuo. Lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, na kama nyumba haina, hicho ndicho kitu cha kwanza cha kununua kesho yake. Katika siku tatu za mwanzo, nenda CPN iliyo karibu, uonyeshe fishi, na umwombe mkunga wa huko akuandikie humo tarehe ambayo anaona inafaa kurudi, kabla mtu yeyote hajakata tiketi.